Shimo la Thelathini na Mbili

Bwejuu, 8 Rajabu

Mke wangu mdogo Nasima,

Mimi babu yako mzima, juu mpaka chini, ila sikio la kushoto limepumzika na la kulia linamfuata mwenzake. Ndiyo maana hizo simu zenu nnazitazama tu. Unapiga, nnauona uso wako unacheka, mdomo unacheza, neno halifiki, halafu unakata unakwenda kuwaambia watu umezungumza na babu. Hukuzungumza na mtu. Kuanzia leo tutaandikiana. Badria wa jirani huenda mjini kila Alkhamisi na sabuni zake za mwani, yeye ndiye posta yetu. Kuandika najua. Nimejifunza mtu mzima, darasa la jioni, na mwalimu mwenyewe alisema hajapata kuona mkono mzito kama wangu.

Sasa nieleze. Nimesikia umeacha duka la simu, siku hizi unakaa ghorofani Mji Mkongwe, unaandika vitu ndani ya kompyuta ambavyo hata mwenye kompyuta havioni. Barazani wananiuliza, "Mjukuu wako anafanya kazi gani?" Nami sipendi kuulizwa jambo nikaanza kutafuta jibu. Jana Makungu, yule yule niliyemfunga bao mbele ya wakwe zake, kasema labda unatengeneza mashine ya kuibia watu. Nikamwambia, "Makungu, kazi ya mjukuu wangu kubwa, hata jina lake ulimi wako hautalimudu." Basi niletee hilo jina, maana na mimi sinalo.

Usiniandikie kama unamwandikia mtoto. Bao nimelicheza toka Tumbatu mpaka Makunduchi. Aliyenifunga mara mbili hajazaliwa, na aliyenifunga mara moja alikuwa na bakhti. Jambo lenye hesabu ndani yake mimi nielezwe mara moja tu, basi.

Ni mimi babu yako,
Pandu Jaku


Mji Mkongwe, 13 Januari

Shikamoo Babu,

Barua nimeipata, inanukia sabuni. Jina la kazi mpelekee Makungu hivi lilivyo: narahisisha hesabu za biti ndani ya kerneli. Kerneli ni kiini cha kompyuta, kile kinachoamka kabla ya vyengine vyote na kuvigawia kazi.

Biti nitakueleza kwa bao lako. Bao lina mashimo thelathini na mawili. Ndani ya mashine nako kuna safu ya mashimo thelathini na mawili, ila imenyooka mstari mmoja, na kila shimo lina kete moja au halina kitu. Hiyo ndiyo biti: ipo, haipo.

Kuna chombo cha kupimia maji kwenye mabomba. Kina milango, kila mmoja unapima bomba lake. Chengine mitano, chengine kumi, kikubwa kuliko vyote kina thelathini na miwili. Kabla ya kukisoma, kerneli lazima ijaze mashimo sawa na idadi ya milango. Aliyeandika zamani alijaza shimo moja, akaangalia kama amefika, akarudi, akajaza jengine. Mistari arubaini. Mimi nataka uwe mstari mmoja.

Angalia. Elfu moja ukitoa moja inabaki 999. Ile moja ya mbele imeondoka, nyuma yake kote kumejaa tisa. Mashine ni hivyo hivyo. Naweka kete shimo la kwanza, naisukuma mbele hatua tano, natoa moja: mashimo matano ya nyuma yanajaa kwa mpigo. Na milango ikiwa thelathini na miwili? Kete inapita ukingo, inaanguka. Safu inabaki tupu, natoa moja, na yote yanajaa, kama mita ya vespa iliyo sifuri ukiirudisha nyuma kidogo inavyoonesha tisa mstari mzima.

Nimejaribu kwenye kimashine chetu cha ofisini, imekubali. Nitaituma kwa wasimamizi wa kerneli, watu walio mbalimbali duniani. Wakiridhika, mstari wangu utaingia kwenye kompyuta za ulimwengu mzima na jina langu litabaki pale. Ofisini kwetu hakuna aliyewahi.

Mkeo wa mjini,
Nasima


Bwejuu, 17 Rajabu

Nasima, marahaba,

Nimefahamu yote mara moja kama nilivyokwambia. Ile ya 999 nimeisoma mara tatu, si kwa kuwa imenishinda, ni kwa utamu.

Lakini kuna kosa. Umesema kete inapita ukingo inaanguka. Inaanguka wapi? Uvunguni? Mimi sijapata kuona kete ikaanguka ila kwa mchezaji anayesinzia. Kete ikifika kichwani inageuka, inashika safu ya nyuma, inarudi ilikotoka. Inazunguka! Nani aliyekufundisha wewe bao? Mimi. Nilikufundisha kudondosha? Basi rekebisha kabla hujapeleka, usije ukanitia aibu kwa Wazungu.

Barazani nshawaarifu. Nimewaambia kabla ya sala ya Idi jina la Nasima binti Mahfoudh litakuwa ndani ya kompyuta zote, mpaka ile ya sheha. Makungu akacheka, nikamwacha acheke. Hapana jengine. Wewe fanya kazi yako, mengine hayakuhusu.

Ni mimi,
Pandu Jaku


Bwejuu, siku hiyo hiyo

Dada Nasima,

Hii nakutilia ndani ya boksi la sabuni, Babu asiione. Hakukuandikia yote. Nilikuwa napita pale barazani. Makungu alipocheka, Babu kainuka kasema mbele ya watu wote: jina lako lisipoingia kabla ya sala ya Idi, bao lake atamkabidhi Makungu. Lile la mninga, alilochonga marehemu baba yake. Imamu akamwambia, "Pandu, hiyo kamari." Akajibu, "Kamari ina pande mbili. Mimi sitaki kitu kwa Makungu, hana kitu. Hii ni ahadi yangu peke yangu." Unamjua, harudi nyuma yule. Basi fanya haraka.

Badria


Mji Mkongwe, 23 Januari

Shikamoo Babu,

Nimetuma Jumatatu, sasa nangoja. Kuhusu kete, Babu wangu, hili si bao. Mashine yangu inaidondosha, nimeona kwa macho yangu.

Na bao lako halijambo? Lipake mafuta ya nazi. Usiliache juani, na usiliache mikononi mwa watu.

Nasima


Bwejuu, 20 Mlisho

Nasima,

Badria amekwenda mjini Alkhamisi tatu, amerudi mikono mitupu. Mara ya kwanza ulikuwa na wageni. Mara ya pili ulikuwa na homa. Mara ya tatu ulikuwa umetoka, naye anasema viatu vyako aliviona mlangoni.

Mimi sina haraka. Nakuuliza kama mtu anavyouliza khabari za mvua. Makungu ndiye mwenye haraka. Kila alasiri anapita mbele yangu na kuandika mchangani kwa kidole, maana anajua sauti yake sina haja nayo: JINA? Nami namwandikia: BADO. Jana kaja na tambara, akalifuta bao langu vumbi bila kuombwa, shimo baada ya shimo, mdogo mdogo, kama mtu anayemwogesha mtoto wake. Nikamnyang'anya tambara.

Ikiwa umeshinda, sema. Ikiwa umeshindwa, sema vilevile, tuone tunacheza vipi. Mchezo haujesha kwa kuliwa kete moja. Lakini kunyamaza sikukufundisha. Katika nyumba hii kiziwi ni mmoja tu, nafasi yangu usiitake.

Pandu Jaku


Mji Mkongwe, 27 Februari

Shikamoo Babu,

Nisamehe. Waliirudisha kazi yangu wiki nne zilizopita, nikawa sina uso wa kukuandikia.

Bwana mmoja, msimamizi, aliujaribu mstari wangu kwenye mashine kubwa ya kwake. Milango mitano, sawa. Kumi, sawa. Thelathini na mmoja, sawa. Thelathini na miwili, mashine ikanyamaza. Akaniandikia kwa adabu kabisa: kete ukiisukuma hatua pungufu ya thelathini na mbili, ikipita ukingo inaanguka kwenye kila mashine. Lakini ukisema thelathini na mbili kamili, mashine ya kwake inahesabu umezunguka ukarudi pale pale, kwa hiyo haiisogezi hata kidogo. Kete inabaki shimo la kwanza. Natoa moja, ndiyo hiyo hiyo. Safu inabaki tupu, na chombo chenye milango mingi kuliko vyote kinaonekana hakina hata mmoja.

Kimashine changu kinadondosha, chake kinarudi nyumbani. Nikauliza ipi iliyokosea. Kasema hakuna. Kitabu cha sheria za lugha tunayoandikia hakikusema hatua hiyo ifanyweje, kila aliyetengeneza mashine kajiamulia. Kosa ni la aliyeicheza. Yaani mimi.

Ulisema inazunguka, nikakucheka.

Naweza kuongeza mstari: "isipokuwa ikiwa thelathini na mbili, jaza yote." Itafanya kazi. Lakini bwana yule kasema, na ni kweli, kwamba nilikuja kurahisisha, na kila "isipokuwa" ni mlango wa mwengine kukosea. Nafikiria kuiacha ile mistari arubaini ilivyo.

Na jengine, Babu. La bao nalijua tangu Januari. Kwa nini uliweka kitu cha babu mkuu juu ya kazi yangu, bila hata kuniuliza? Nikiandika herufi moja naona mninga. Kaongee na Makungu, yamalizeni.

Nasima


Bwejuu, 8 Ramadhani

Nasima,

Inazunguka! Nilisema! Nimekwenda barazani nimewaandikia herufi kubwa: MZUNGU KANIKUBALI. Unasema mashine yake haikuzunguka, ilihesabu tu kuwa imezunguka. Hayo yenu. Mtu akisema amekwenda Chwaka akarudi, na yuko hapa, mimi nitabishana naye?

Sasa nisikilize, maana hasira zako nimezisoma na zimepita. Badria nshamkasirikia, nshamsamehe. Bao ni langu. Ahadi ni yangu. Wewe hukuahidi kitu, kwa hiyo huna cha kubeba. Sikukuuliza kwa sababu ningekuuliza ungesema hapana, na mimi nilitaka kusema ndiyo. Kwa Makungu siendi. Nikienda leo kumwambia "tuyamalize", itakuwa nimemwambia mjukuu wangu hawezi. Hayo mkono wangu hauandiki.

Kuiacha mistari arubaini, usithubutu. Na hiyo "isipokuwa" yako itupe. Mchezaji anayesema "isipokuwa" kila saa ni yule anayetunga sheria huku anafungwa.

Nikwambie mimi nilivyofanya. Watu wa Tumbatu walipokuja kucheza hapa, kulikuwa na hatua moja ya nyumba, lile shimo kubwa la bao, kwao inakubaliwa, kwetu haikubaliwi. Wachezaji wetu wote walibishana nao, mpaka wengine wakashikana kanzu. Mimi sikubishana. Niliicheza siku nzima bila kuikaribia hatua hiyo. Nilimfunga mtu wao mkubwa kwa njia ambayo kwao halali na kwetu halali, akakosa hata pa kunung'unikia. Basi na wewe usimuulize huyo mashine jambo ambalo hamjakubaliana. Mfunge kwa jengine. Lipi? Hilo sikwambii. (Silijui, lakini hata ningelijua nisingekwambia.)

Huku swaumu inakwenda vizuri. Kero ni hawa watoto. Kungojea futari wananichukulia bao langu, bao la mabingwa, wanacheza juu yake ule mchezo wao wa kujifunzia. Wanajaza mashimo yote toka mwanzo! Yote! Mimi naanza na kete chache na nyengine nnazitia kwa akili, wao mali yote ishamwagwa mezani, kazi yao kuondoa tu. Huo mchezo gani? Nimewakataza, wananipungia mikono tu.

Kaza. Idi haijafika.

Pandu Jaku


Mji Mkongwe, 20 Machi

Shikamoo Babu, na swaumu njema,

Usiwakataze hao watoto. Wapelekee tende, mimi nitawaletea na halua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekasirika, nikaifunga, nikaifungua tena pale wanapojaza mashimo yote. Nikarudi kwenye meza.

Mimi nilikuwa naanza na kete moja na kuijengea. Sasa naanza na safu iliyojaa, yote thelathini na mawili, halafu nasukumia nje zisizotakiwa. Nataka tano? Nasukuma hatua ishirini na saba, zinazopita ukingo zinaanguka, zinabaki tano. Nataka thelathini na mbili? Nasukuma hatua sifuri. Yaani siigusi. Imeshajaa tokea mwanzo.

Unaona, Babu? Chombo hakikosi kuwa na mlango mmoja na hakizidishi thelathini na miwili, na kisicho na mlango kinarudishwa mapema, hakifiki hapa. Basi hatua zangu ni toka sifuri mpaka thelathini na moja. Ile hatua ambayo sheria imenyamaza siifikii kabisa. Hapana "isipokuwa". Mstari mmoja, na ni mfupi kuliko wa kwanza. Nimeujaribu kwenye kimashine chetu, nikaenda kuomba mashine kubwa kwa rafiki yangu Ulfat kule Mpendae, nikaujaribu na huko. Zote mbili sawa.

Nimetuma jana. Ila nikwambie ukweli safari hii: wasimamizi wana kazi nyingi, jibu linaweza kuchukua wiki mbili. Idi ni baada ya siku kumi na kitu. Omba muda, Babu. Kuomba muda si kushindwa.

Na ukubali: ni bao la watoto.

Nasima


Bwejuu, Idi pili

Nasima,

Idi mubarak.

Jana baada ya sala nimelichukua bao, nimelibeba mwenyewe begani mpaka kwa Makungu. Watu walitaka kunisaidia, nikawakatalia. Makungu alikuwa ndani ya kanzu mpya, akaliona, akakaa chini. Nilidhani atachekelea. Akaandika mchangani: NGOJA. Nikaifuta kwa mguu. Akaandika tena: WIKI MOJA. Nikaifuta tena. Kanzu yake ikajaa mchanga, siku ya Idi.

Nilisema kabla ya sala. Sala imeswaliwa. Laiti ningesema "karibu na Idi" au "inshallah mwezi huo", ningekuwa na pa kupita. Lakini mimi nilijaza mashimo yote toka mwanzo, basi nimeondoa.

Usilie. Najua unalia, hata Badria kalia, mpaka sabuni zake zimelowa. Nyumbani ile nafasi ya bao naiona kubwa kuliko bao lenyewe lilivyokuwa. Nimeweka mtungi pale. Haufai.

Jambo moja nakutaka. Usimwandikie huyo bwana kumhimiza kwa ajili yangu. Mstari wako uingie kwa kuwa ni mzuri, usiingie kwa kuwa mzee mmoja wa Bwejuu ana mdomo.

Pandu Jaku


Mji Mkongwe, 3 Aprili

Babu,

Umeingia. Leo asubuhi. Bwana yule kaandika maneno mawili tu: "Safi. Nimeuchukua." Mistari arubaini imeondoka, umebaki mmoja, na jina langu liko juu yake.

Siku tatu, Babu! Mwambie Makungu ni siku tatu tu. Mwambie alirudishe. Nakuomba.

Nasima


Bwejuu, 14 Mfungo Mosi

Mke wangu mdogo Nasima, fundi wa kerneli,

Badria kanifungulia kwenye simu yake. Akataka kunisomea, nikamwambia toa kidole. Nimelisoma mwenyewe, herufi moja moja, N mpaka mwisho, na la baba yako pamoja nalo. Wameliandika dogo mno, mimi ningeliandika kubwa zaidi, lakini ndilo lenyewe. Nikaizungusha simu ile baraza zima. Imamu kaitazama. Sheha kaitazama, akaniuliza kama na kompyuta yake limo. Nikamwambia limo, asiguse kitu.

Makungu kaitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Halafu akaingia ndani, akatoka na bao, akaliweka miguuni pangu, akaandika mchangani: CHUKUA.

Nimeifuta.

Usinikasirikie. Neno lilikuwa kabla ya sala. Nikilichukua leo, kesho nikisema jambo barazani watangoja siku tatu waone kama nilikuwa nalisema kweli. Bao likae kwake. Mimi kila alasiri nakwenda namfunga juu ya bao lile lile, nyumbani kwake, na kahawa yake nakunywa. Watu wanasema hajapata kupata hasara kama hiyo.

Ila mtu kama mimi hawezi kukaa bila bao. Kwa hiyo nimepata gogo la mfenesi, limekauka vizuri, na tezo ya marehemu baba bado inakata. Mkono umekuwa mzito kidogo, si kwa uzee, ni kwa kuzoea kalamu. Nachonga asubuhi mpaka jua kali. Wapita njia wanasimama, wanaandika mchangani: MZEE, UTAMALIZA? Nami nazidi kuchimba.

Mashimo yamefika thelathini na moja. Moja limebaki, la mwisho kabisa, pembeni. Hilo silichimbi. Ndilo lililokuhangaisha wewe, lililomnyamazisha yule Mzungu na mashine yake, lililonibebesha mimi bao begani siku ya Idi. Njoo ulichimbe wewe. Tezo nimeinoa.

Ukimaliza kulichimba tutajaza yote, yote toka mwanzo, tucheze hilo bao la watoto uliowatetea. Mara moja tu, na mlango ufungwe. Na ukinifunga, usije ukaandika mahali.

Ni mimi mumeo na babu yako,
Pandu Jaku, wa Bwejuu